Genge Si Bidhaa: Fedha za Mtandaoni na Ahadi Tunazowapa Vijana

Mwishoni mwa muhula uliopita alibisha hodi ofisini kwangu kijana mmoja niliyemfundisha kwa miaka mitatu. Baada ya shikamoo na marahaba, alitoa daftari lake na kuniomba nimsaidie kujua amekosea wapi. Alikuwa amechukua shilingi laki moja na nusu kutoka katika fedha zake za kujikimu, zile ambazo wanafunzi huziita bumu, akamlipa mtu aliyejitambulisha kuwa mkufunzi wa biashara za mtandaoni. Mafunzo yalidumu siku tatu, yote yakifanyika katika kundi la WhatsApp. Alifunguliwa blogu ya aina ambayo mtu yeyote huifungua bure, akaelekezwa namna ya kunakili habari za magazeti na kuzibandika humo, kisha akaambiwa asubiri dola. Alikuwa amesubiri miezi saba. Daftarini mwake aliandika kila siku idadi ya wasomaji waliomtembelea: kumi na wawili, tisa, kumi na saba, sita.

Sikuwa na jibu la haraka, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba sisi wahadhiri tumeshiriki katika jambo hili. Kila mwaka katika mahafali tunasimama na majoho yetu tukiwaambia wahitimu wajiajiri, kwamba dunia sasa iko kiganjani, kwamba simu aliyonayo kijana ni ofisi tosha. Tunashuka jukwaani tukiwa na mishahara yetu, nao wanashuka na kauli zetu. Sababu ya pili ni kwamba mimi mwenyewe ninaandika katika ukurasa huu kwa zaidi ya miaka kumi, na wapo wanaoamini kuwa ninaishi kwa fedha zake. Leo nataka kueleza ukweli wa fedha hizo, kwa sababu naona ukimya wetu unawagharimu vijana.

Niseme mapema kwamba kipato cha mtandaoni kipo. Si uchawi wala si uongo. Wapo Watanzania, Wakenya na Waganda wanaolisha familia kwa kazi inayopita katika intaneti. Ninachokipinga ni dhana kwamba tovuti au blogu yenyewe ndiyo inayozaa fedha. Blogu ni genge. Mwenye genge hanunuliwi mbao zake. Hununuliwa nyanya, vitunguu na bamia alizozipanga juu yake. Kijana wangu aliuziwa mbao kwa shilingi laki moja na nusu, akakaa nyuma ya meza tupu kwa miezi saba akishangaa kwa nini wateja wanapita.

Historia yetu wenyewe inaonyesha hivyo. Ndesanjo Macha alipoanza kublogu kwa Kiswahili katika Jikomboe, na Issa Michuzi alipofuata mwaka 2005, mtandao nchini ulikuwa wa kusuasua. Mkongo wa kwanza wa baharini, SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Hata hivyo walisomwa, hasa na Watanzania waliokuwa ughaibuni. Macha alikuwa na fikra na lugha ya kuzieleza. Michuzi alikuwa mpiga picha wa magazeti, mwenye kamera, uzoefu na watu waliomfahamu kila kona. Wasomaji walifuata picha na habari za nyumbani. Blogu ilikuwa chombo cha kuwafikishia kile ambacho waandishi hao walikuwa nacho tayari.

Sasa tuangalie njia zenyewe, maana ujanja wa wauza ndoto hustawi pale ambapo hesabu haijapigwa hadharani.

Njia inayotangazwa zaidi ni matangazo. Mpango maarufu kuliko yote ni AdSense wa Google, ulioanza mwaka 2003. Mwenye tovuti huruhusu matangazo yawekwe katika kurasa zake, na hulipwa kulingana na wanaoyaona, ingawa hadi mwaka 2024 malipo yalitegemea zaidi wanaoyabofya. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilitangaza kuwa mwenye tovuti hupata asilimia 68 ya kinachopatikana katika matangazo ya maudhui. Asilimia hiyo inavutia mpaka utakapouliza ni asilimia 68 ya nini. Bei ya tangazo hutegemea msomaji yuko wapi na ana uwezo gani wa kununua. Msomaji wa Chicago anagombaniwa na watangazaji wengi. Msomaji wa Chunya hana anayemgombania. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: ikiwa kurasa 1,000 zilizosomwa zinakuingizia dola moja, basi ili kufikia dola 100, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kulipwa, unahitaji kurasa 100,000 zisomwe. Mwanafunzi wangu, kwa wasomaji kumi kwa siku, angezifikia baada ya miaka ishirini na saba.

Mimi nimeipita njia hiyo. Nilianza kuandika hapa mwaka 2011 na kuweka matangazo katika mwaka wa tatu. Siku hizo Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya lugha zilizokubaliwa na mpango huo, hivyo nililazimika kutanguliza makala za Kiingereza ili nipokelewe, jambo lililonitia aibu kama mtu anayehubiri kila mahali heshima ya lugha yake. Mapato yalipofika dola 10, ilinibidi nisubiri barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani yangu. Barua ya kwanza haikufika. Ya pili haikufika. Ya tatu niliikuta katika rundo la barua za idara, imekwisha kufunguliwa na mtu aliyedhani ni tangazo la vitabu. Dola 100 za kwanza zilichukua miezi kumi na tisa, na benki ikakata ada yake ya kupokea fedha kutoka nje. Tangu wakati huo nimelipwa mara nne. Nikitoa gharama za kila mwaka za anwani ya tovuti na mahali pa kuihifadhi, ukurasa huu kwa upande wa matangazo umenitia hasara.

Njia ya pili ni kamisheni. Unaandika kuhusu bidhaa ya mtu mwingine, unaweka kiungo, na msomaji akinunua kupitia kiungo hicho unapewa sehemu ya bei. Ni biashara halali ikiwa umeitumia bidhaa hiyo na ukamwambia msomaji wazi kwamba utapata chochote akinunua. Lakini ni hapa hapa ambapo matapeli huvaa nguo za biashara. Kipimo chake ni chepesi: kama faida yako inatokana na mtu kununua kitu anachokihitaji, hiyo ni kamisheni, kama inatokana na kuwaingiza watu wengine watakaolipa kiingilio kama ulivyolipa wewe, huo ni upatu. Watu wazima wenye umri wangu wanaikumbuka DECI ya mwaka 2009, na lugha yake tamu ya kupanda mbegu na kuvuna. Wanafunzi wangu wa leo walikuwa watoto wadogo. Mbegu ileile sasa inapandwa kupitia programu za simu, kwa majina yanayobadilika kila msimu, na mashamba ni yaleyale.

Njia ya tatu, ambayo wauza mafunzo huitaja kwa nadra kwa kuwa haiuziki kwa siku tatu, ni kuuza ujuzi ulionao na kuutumia ukurasa wako kama ushahidi wa ujuzi huo. Namfahamu afisa mifugo mstaafu anayeandika kuhusu ufugaji wa kuku wa kienyeji. Hana mbwembwe. Anaeleza dalili za kideri, namna ya kudondosha chanjo jichoni, na kwa nini chanjo hiyo inapaswa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hata kama kuku wanaonekana wazima. Matangazo yake hayamwingizii chochote cha kutaja. Lakini chini ya kila makala ipo namba ya simu, na wafugaji wanampigia. Wapo wanaomwita awachanjie, wapo wanaomlipa awapangie banda, wapo wanaonunua vifaranga kwake. Aliniambia kwamba pensheni yake humlipia mahitaji ya nyumbani, na kuku wa watu wengine ndio wanaomsomeshea mjukuu.

Njia ya nne ni wasomaji wenyewe kumchangia mwandishi wanayemthamini. Hii ndiyo njia ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo iliyo ngumu kuliko zote katika jamii yetu. Hatukosi moyo wa kuchanga. Tunachangia harusi, misiba na mahafali. Ila hatujazoea kuona makala kama kitu chenye gharama.

Nimezipanga njia hizi nne pamoja ili jambo moja lionekane. Zote zinalipia imani ya msomaji. Anayebofya, anayenunua, anayepiga simu na anayechanga, kila mmoja amekuamini kwa kiasi fulani. Imani hiyo hujengwa polepole na inaweza kuuzwa mara moja tu. Ndiyo maana kunakili habari za wengine, mbali na kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ni biashara mbovu: msomaji hana sababu ya kurudi kwako wakati chanzo kipo.

Kwa sisi tunaoandika siasa na jamii, jambo hili lina ncha kali zaidi. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala kuhusu namna zabuni fulani ilivyotolewa. Siku chache baadaye nilipigiwa simu na mtu mpole sana, aliyesema taasisi yake ingependa kutangaza katika ukurasa wangu kwa mwaka mzima. Kiasi alichokitaja kilizidi mishahara yangu miwili. Hakuniomba niifute makala. Alisema tu kwamba wakubwa wake wasingependa tangazo lao likae karibu na maandishi ya namna ile. Nilikuwa na mtoto aliyesubiri ada. Nakiri kwamba sikumjibu palepale. Nilimwambia nitafikiri, na nililala siku mbili nikifikiri. Hatimaye nilikataa, lakini sijivuni, kwa sababu najua nilikuwa na mshahara wa kuniwezesha kukataa. Kijana asiye na mshahara, ambaye tumemwambia ale kwa kalamu yake, atakataa kwa kutegemea nini? Zamani tulizungumzia bahasha za kaki walizopewa waandishi baada ya mikutano. Siku hizi bahasha huja kwa jina la udhamini, na ina risiti.

Hapa ndipo ninapowageukia watumishi wa umma wanaonisoma, maana najua mpo. Tumewahimiza vijana wakajiajiri mtandaoni, kisha tumewawekea vizingiti mlangoni. Mwaka 2018 zilitoka Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta kuhusu maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na ada zake kwa jumla zilifikia shilingi milioni 2.1, takriban dola 900 za wakati ule. Adhabu ya kuzikiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Linganisheni na hesabu yangu ya matangazo: kwa malipo ya dola 100, mwandishi angehitaji kulipwa mara tisa ili kulipia ruhusa ya kuandika, kabla hajanunua hata kifurushi cha intaneti. Mwezi Juni mwaka huo hata JamiiForums, jukwaa kubwa kuliko yote nchini, lilisitisha huduma kwa muda. Blogu ndogo nyingi hazikutangaza kusitisha, zilinyamaza tu.

Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, na mzigo ukapunguzwa. Nalipokea hilo kwa shukrani. Lakini kijana aliyefunga ukurasa wake mwaka 2018 hakurudi kwa sababu ada imeshuka. Alikwisha kujifunza kwamba kuandika ni hatari, na somo hilo halifutwi na tangazo la serikali.

Kizingiti cha pili ni njia ya kupokea fedha. Tumekuwa na M-Pesa nchini tangu mwaka 2008, na mama lishe hupokea malipo kwa simu bila taabu. Lakini Mtanzania anayemfanyia kazi mteja wa Ulaya amekaa miaka mingi akiwa na akaunti ya PayPal inayomruhusu kutuma fedha na si kupokea, wakati mwenzake wa Nairobi anapokea, na tangu mwaka 2018 anaweza kuzihamishia moja kwa moja kwenye M-Pesa yake. Wengi wetu tumeishia kuomba akaunti za jamaa walio Kenya, na kukatwa njiani au kudhulumiwa kabisa. Hili ni suala la sera na mazungumzo kati ya wasimamizi wa fedha na makampuni. Halitatatuliwa na kijana mmoja mwenye bidii.

Kodi nayo inakuja, na inapaswa kuja. Anayepata kipato achangie. Kenya iliweka makato ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui mwaka 2023. Lakini kodi iangukie kipato, isiangukie jaribio. Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii mwaka 2018, ilimtoza mtu kwa kufungua mlango wa soko kabla hajauza kitu, na miaka mitatu baadaye utaratibu huo uliachwa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya vifurushi vya intaneti.

Na vyuo vikuu, tukiwamo sisi tunaopenda kuinyooshea serikali kidole? Tunamfundisha mwanafunzi kuandika insha itakayosomwa na mtu mmoja, ambaye analipwa ili aisome. Hatumfundishi kumwandikia mtu ambaye ana hiari ya kuacha kusoma. Hatumfundishi hesabu ya gharama na mapato ya kazi ya kalamu, wala namna ya kusoma mkataba wa udhamini, wala haki zake maandishi yake yakiibiwa. Matokeo yake somo hilo limechukuliwa na wenye makundi ya WhatsApp, kwa shilingi laki moja na nusu kwa kila kichwa. Nadhani idara yoyote ya sayansi ya jamii inaweza kuanzisha somo la namna hiyo bila kusubiri mtaala wa taifa, na nimekwisha kuandika pendekezo kwa idara yangu.

Nirudi kwa kijana wangu. Siku ile nilifunga daftari lake na kumuuliza swali moja: unajua nini ambacho watu wengi hawakijui? Alifikiri, akataja nadharia mbili nilizomfundisha mwenyewe. Nikamwambia hizo nazijua, taja kingine. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake anauza dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kwamba amekulia humo.

Nilimwomba anieleze, akazungumza karibu saa nzima. Alinieleza kwa nini wavuvi hutoka usiku wa giza na taa zao, na kwa nini mbalamwezi ikikomaa dagaa huadimika na bei hupanda. Alinieleza tofauti ya dagaa walioanikwa kwenye chanja na wale walioanikwa mchangani, na namna mnunuzi anavyoitambua kwa kuwasugua kiganjani. Alinieleza jinsi mvua za masika zinavyomgeuzia mfanyabiashara gunia la chakula cha watu kuwa chakula cha kuku. Anawafahamu wanunuzi wanaokuja kutoka Kongo na anajua wanauliza nini kwanza. Yote hayo hakuwahi kuyaandika popote, kwa sababu aliamini kuwa msomi haandiki kuhusu dagaa.

Amefuta habari alizokuwa amezinakili. Sasa anaandika mara mbili kwa wiki: bei za siku hiyo sokoni, hali ya mwezi, hali ya mvua, na maelezo mafupi ya jambo moja la biashara ile. Mama yake ndiye anayempa bei kwa simu. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe kwamba mtu wa Tunduma, asiyemfahamu, alimpigia kuuliza kama anaweza kumtafutia gunia kumi safi za chanja. Hajapata dola hata moja, na sijui kama atazipata. Aliniuliza tu amtoze yule mtu kiasi gani kwa kazi hiyo, nami nikamwambia amuulize mama yake.